Kuni Zilizoletwa na Televisheni

Wiki iliyopita niliwasha tivii ya marehemu mama, ile ya chogo, kwa ubishi tu. Kulwa alisema imekufa, mimi nikasema haijafa. Sisi ni mapacha, na tangu tumboni hatujawahi kukubaliana jambo. Nikaichomeka. Ikanguruma, ikatoa chenga, kisha ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linaloungua juu ya kitu cha moto. Kulwa alitoka nje. Nami nilibaki nimesimama na kitambaa cha kufuma mkononi, kwa sababu ilikuwa jioni, saa ya matangazo, na kiti cha mama kilikuwa kitupu.

Siku hizi ukiwaambia watoto kwamba mtaa wetu wa Ngokolo, hapa Shinyanga, ulikuwa na televisheni yake, wanakucheka. Cheka tu, mwanangu, mimi nilikuwepo. Ilianzishwa na Fundi Maganga, fundi redio, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinunua dishi kubwa, akavuta waya mweusi juu ya nguzo za mkaratusi, akaupitisha nyumba kwa nyumba. Kwetu uliingia juu ya dirisha, umepigiliwa msumari. Waya huo ulileta sinema na mpira kutoka mbali, lakini namba moja ilikuwa yake mwenyewe: chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kamera moja, na mtangazaji mmoja, Dada Tausi, ambaye mtaa mzima ulikuwa unasuka nywele kwa kumfuata.

Namba moja ilifunguliwa jioni. Dada Tausi alisoma salamu, harusi, kipaimara, na ng'ombe waliopotea. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu. "Dume jekundu, sikio la kushoto limechanwa, alionekana mara ya mwisho njia ya Kolandoto." Baba alikuwa anacheka sana hapo, anasema ng'ombe wa Shinyanga wana bahati, wanatajwa hadi masikio. Baada ya ng'ombe ndipo zilipokuja picha. Kituo hakikuwa na mtambo wa kuandika maneno juu ya picha. Kulikuwa na ubao tu, umezungushiwa maua ya plastiki, mekundu na meupe. Picha ya marehemu ilibanwa katikati kwa pini, kamera ikaelekezwa pale, kinanda kikalia polepole, na Dada Tausi akasoma. Ukiona sura ya mtu katikati ya maua yale, umekwisha kujua. Hata sauti ilikuwa ya nini?

Mimi kwa akili yangu ya utoto nilikuwa nimejipangia mambo. Niliamini watu wa tivii wanapita ndani ya waya. Kunguru wakitua juu yake niliwarushia mawe, wasije wakamkanyaga mtu. Kulwa aliniita mjinga. Nikamuuliza, sasa wanapita wapi? Akaenda zake kucheza, nami nikajihesabia ushindi.

Baba yetu alikuwa mkata matimba. Kwa asiyejua, duara la dhahabu ni shimo linaloshuka chini kama kisima, na bila magogo ya kulizuia kuta hukufunika. Hayo magogo ndiyo matimba. Baba aliyakata, akayapeleka machimboni, na mara nyingine akashuka mwenyewe kuyapanga. Tivii ile aliileta msimu mmoja mambo yalipomnyookea. Aliifunga nyuma ya baiskeli kwa blanketi la mama, akaingia nayo mtaani anapiga kengele njia nzima. Mama alimgombeza kwa sababu ya blanketi, lakini usiku ule hakuna aliyelala mapema.

Kisha kukafumuka rashi mpya, machimbo mapya ya dhahabu, mbele ya Bugarama, upande wa kwenda Geita. Watu walikuwa wanakimbilia huko kama wanaitwa. Baba alituinamia mlangoni, akanivuta sikio, akasema, "Doto, choroko zikikomaa nitakuwa nimerudi. Usimpige mwenzako." Choroko zilikomaa, tukazichuma, tukazipiga, tukazila. Simu yake ikawa haipatikani. Baba mdogo alikwenda kumtafuta, akarudi viatu vimeisha. Kule, alisema, mtu hana jina, ana utani tu. Kuna Mjeda, kuna Kijiko, kuna Chakaza. Ukiuliza jina alilopewa na wazazi wake wanakushangaa. Mmoja alisema alimwona Geita. Mwingine alisema ameelekea Kahama. Wa tatu alipoonyeshwa picha aliangalia chini, akaondoka zake.

Hapo ndipo mama alipochukua picha ndogo ya baba, ile aliyopiga kwa ajili ya kadi ya kura, akaipeleka kwa Fundi Maganga. Alitaka jambo moja tu: mtu yeyote mwenye macho, aliyemwona mume wake, aseme.

Jioni ile tulikaa mbele ya tivii tumeoga, kama tunangoja mgeni. Ng'ombe wakapita. Kinanda kikalia. Baba akatokea katikati ya maua ya plastiki.

Kulwa akapiga ukelele. "Mama! Baba amekufa!"

"Nyamaza!" mama alisema. "Sikiliza dada anavyosema."

Dada Tausi alikuwa anasema, kwa sauti yake nzuri, kwamba anatafutwa, kwamba ni mrefu, ana kovu kwenye kidevu, kwamba mkewe na watoto wake mapacha wanamsubiri. Anatafutwa. Mama alilirudia neno hilo kwa midomo tu. Nilikuwa nimemsogelea baba mpaka pua ikagusa kioo, naona alivyogawanyika vidoti vidoti vya rangi, na harufu ile ya vumbi la moto inanijaa puani.

Sasa, kule kwenye mashine ya kusaga, karibu na njia panda, mwenye mashine alikuwa ameweka tivii ukutani ili wateja wasichoke kungoja. Mashine ikisaga, husikii hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Wanawake wa mtaa walikuwa pale na mabeseni yao, wamepakaa unga hadi kope, wanaangalia. Wakamwona Baba Kulwa kwenye maua. Wakaangaliana. Hakuna aliyengoja mashine inyamaze.

Kwetu jirani akifiwa huulizi mara mbili. Unachukua unachoweza kubeba, unakwenda: unga, maji, na zaidi ya vyote kuni, maana msiba ni moto, na Shinyanga kuni si jambo la mchezo. Miti imekwisha. Tulikuwa tunapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe mkavu, na mwenye gogo la maana alilificha. Lakini msibani mtu hutoa hata lile alilolificha.

Tulisikia kilio kikija barabarani kabla hatujawaona. "Mayu wee, mama wee! Baba Kulwa wee!" Mbele alikuwa Mama Shija, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa amepitia kwake mbio, akabeba gogo la mgunga ambalo mume wake alikuwa ameanza kulichonga kinu. Alilitua nje ya uzio wetu wa minyaa, puu, na wenzake wakatua ya kwao, wengine wakiwa bado na mabeseni ya unga kichwani. Mama Shija akatupa mikono juu, akaanza kumlilia baba kwa jina lake.

Mama akatoka. Nilimshika gauni.

"Mama Shija, unalia nini?"

"Tumeona, mwenzangu. Tumeona kwa macho yetu. Pole mayu, pole."

"Mmeona nini?"

"Kwenye maua."

"Na mmesikia nini?"

Mmoja akasema taratibu, "Mashine ilikuwa inasaga."

"Mume wangu hajafa," mama alisema. "Anatafutwa. Mnanisikia? Anatafutwa! Nani amewaambia mniletee moto?"

Mama Shija alibaki na mdomo wazi. Kilio chake kilikatika katikati, na mkono ukaenda shingoni kama amekabwa na mfupa. Sijawahi kuona mtu mzima akimeza kilio namna ile. Unga ulikuwa haujatua, ukarudi na wenyewe. Lakini kuni zilikuwa zimekwisha kutua, na kuni za msiba zikishatua hazirudi nyumbani kwa aliyezileta, maana atarudi na msiba kwake. Mama naye hakuziwasha, maana angeziwasha angekuwa amekubali. Basi zikabaki pale, nje ya minyaa, si za yeyote.

Asubuhi yake Fundi Maganga alikuja na miwani yake ya uzi, akasimama mbali kidogo na lile rundo. "Mwangaluka, mayu," alimwamkia Kisukuma. "Ubao nilikuwa nao mmoja. Sikufikiri."

"Ulimweka mume wangu na wafu."

"Nilimweka. Nisamehe."

Akaenda akatengeneza ubao mwingine, usio na ua hata moja, akaupaka rangi ya buluu. Tangu hapo waliopotea walikaa kwenye buluu na waliokufa kwenye maua, na mtaa mzima ulijifunza tofauti. Hiyo ndiyo historia ya kituo kile ambayo haitaandikwa popote. Na kila jioni kabla ya kufunga, Fundi Maganga alimwonyesha baba kwenye ubao wa buluu. Hakuombwa, wala hakusema ataacha lini. Wengine walipatikana, wakatolewa. Mzee aliyepotewa na akili akaokotwa Kolandoto. Binti aliyetoroka akarudi na mtoto. Baba alibaki.

Sisi tulikuwa tunamwamkia. "Shikamoo baba," nasema mimi, nimepiga goti mbele ya tivii. Kulwa alikuwa anageuza uso. Nilidhani ana kiburi. Kwangu jambo lilikuwa rahisi kabisa: baba amepata kazi kwa Fundi Maganga, kazi ya kukaa kwenye buluu, na ikifika jioni anapita kwenye waya kuja kutuangalia. Umeme ukikatika saa ile nililia hadi nikatapika, kwa sababu niliona amekwama njiani, gizani, juu ya nguzo za watu.

Nje nako tulikuwa na lile rundo. Mama alipikia mabua, moshi unamtoa machozi, na kuni kavu ziko hatua chache. Hakuna mwizi aliyezigusa, na mtaa wetu wezi walikuwepo, tena wenye bidii. Watoto wenzetu walipita mbali nazo. Mvua ikinyesha, maji yalijaa kwenye kile kishimo cha kinu kilichoanzwa, na kuku wetu walikunywa humo. Mama Shija alikuwa anakuja kwetu kama zamani kuomba chumvi, lakini kwa mlango wa nyuma. Yeye na mama waliongea mambo yote ya dunia, isipokuwa lile moja.

Siku moja nilitoka shule, sikwenda nyumbani, nikaenda kituoni. Nilitaka kumwona baba mchana, kabla hajaingia kwenye waya. Nyuma ya duka la vipuri palikuwa na mlango wa bati. Dada Tausi mwenyewe alinifungulia, amevaa kanga na ndala, kumbe si mrefu.

"Shikamoo dada. Nimemfuata baba."

Aliniangalia. "Wewe ni Doto."

"Ndiyo."

Akanishika mkono, akaniingiza. Ndani palikuwa padogo kuliko jikoni kwetu. Kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili sauti ya barabarani isiingie, na joto lile lilitoa harufu ileile ya tivii yetu. Ubao wa maua ulikuwa umesimamishwa pembeni, maua yameota vumbi. Ule wa buluu ulikuwa kwenye kigoda, umefunikwa kitambaa. Dada Tausi akakifunua. Baba alikuwa pale, amebanwa kwa pini nne, mdogo kama kiganja changu. Kwenye tivii kichwa chake kilijaa kioo kizima. Nilitafuta mwili wake nyuma ya ubao, sikuuona.

"Analala wapi?" niliuliza.

Dada Tausi, ambaye alisoma misiba ya watu kila siku bila sauti kutetemeka, alikaa chini sakafuni. Machozi yalimtoka na wanja ukateremka nayo.

"Analala hapahapa," alisema hatimaye. "Tunamfunika kila tunapofunga. Vumbi lisimpate."

Niliridhika. Nilirudi nyumbani nikamwambia Kulwa kila kitu, hadi rangi ya kitambaa. Kulwa alinisikiliza, akasema, "Doto, ile ni picha." Nikampiga. Baba alinikataza, nami nikampiga kwa sababu ya baba.

Tukakua. Tulifika darasa la juu, sauti ya Kulwa ikavunjika, nikaanza kufunga sidiria, na baba hakuzeeka hata unywele mmoja. Hilo ndilo lililonifungua macho, wala si mtu. Jioni moja niliangalia kile kidevu chenye kovu, nikaangalia cha Kulwa aliyekaa kando, nikaona vinakaribiana. Nikaogopa. Nilikuwa naangaliwa na mtu ambaye punde tu angekuwa rika letu, kisha tungempita. Siku ile sikupiga goti.

Kituo chenyewe kilikufa polepole. Vilikuja ving'amuzi, kila mtu akataka dishi lake dogo juu ya paa. Watu wakakata waya, mchwa wakala nguzo. Dada Tausi akaolewa Mwanza. Mwishoni Fundi Maganga alikuwa anasoma mwenyewe, anakohoa katikati ya ng'ombe. Jioni ya mwisho hakuaga wala hakutoa hotuba. Alimweka baba kwenye buluu, bila kinanda, na akamwacha pale muda mrefu kuliko siku zote. Kisha zikaja chenga.

Siku iliyofuata alikuja kwetu na ubao umefungwa kwenye baiskeli. Mama alipoona kitu kirefu kimefunikwa kitambaa kinashushwa langoni, alishika mlango.

"Mama Kulwa," alisema Fundi Maganga, "nimemrudisha."

"Nilikupa mtu wa kutafutwa," mama alisema. "Umempata?"

"Sijampata."

"Basi hujamrudisha. Umeleta ubao."

Hata hivyo aliupokea. Aliuweka juu ya tivii, akautandikia kitambaa cha kufuma, na jioni akawasha namba moja kama kawaida. Chenga tupu zilimiminika, na juu yake baba. Aliketi mpaka saa ya kufunga, akaufunika ubao, akaenda kulala. Akafanya hivyo kesho yake, na miaka yote iliyofuata. Ndugu walisema tufanye matanga, watu wapumzike. Akawajibu, "Nileteeni mwili, na kuni ninazo." Wakimwita mjane alikasirika, anauliza nani amemwonyesha kaburi. Nilimchukia kwa hilo, nisiwafiche. Nilitamani nilie baba kama watu wengine wanavyolia baba zao, yaishe, na mama hakuniachia nafasi.

Mwezi uliopita mama alifariki, hospitalini Kolandoto, nimemshika mkono. Tangazo Kulwa alilituma kwenye kundi la simu la mtaa, picha yake na maua ya kompyuta kuizunguka. Safari hii hapakuwa na kosa. Kabla hatujafika na mwili, watu walikuwa wamejaa uani. Lakini siku hizi wanaleta mkaa na mitungi ya gesi. Baba mdogo akauliza, moto wa wanaume wanaokesha nje uwashwe na nini?

Nilitoka nje ya minyaa. Rundo lilikuwa limeshuka, magogo mengine yamekuwa udongo wa mchwa, lakini migunga ilikuwa imebaki, myeusi na mizito. Nikainama nikalibeba lile gogo la kinu.

"Doto!" Kulwa alinishika bega. "Hizo ni za baba."

"Najua ni za nani."

"Mama alikataa."

"Mama alikuwa anamngoja, Kulwa. Sasa amekwenda kumtafuta mwenyewe. Nani tena anamngoja hapa?"

Kulwa aliangalia kule barabarani, muda mrefu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho ya kutokea. Kisha akainama, akashika upande wa pili.

Tuliliweka katikati ya ua. Kiberiti kimoja tu, likashika, halikutoa hata moshi. Watu walirudi nyuma kwa lile joto. Mama Shija alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Alinyanyua shingo. Akaliangalia gogo linavyowaka, na kile kishimo cha kinu kikiwa kimejaa moto.

"Hilo nililileta mimi," alisema.

Mkono wake ukapanda shingoni, palepale ulipokwenda siku ile, ukabaki hapo kidogo, kisha ukashuka. Akafungua mdomo, akakitoa kile kilio alichokimeza mlangoni kwetu tukiwa watoto. Hakumtaja mama. "Baba Kulwa wee! Mayu wee, Baba Kulwa!" Wale wengine wa siku ya mashine, waliokuwa bado hai, wakamfuata mmoja mmoja.

Kulwa alikaa chini kwenye vumbi na suti yake. Nikapiga goti karibu na moto, kama nilivyokuwa nikipiga mbele ya kile kioo, nikamwita baba kwa jina lake, nikalia.